Betri la masaa mawili na flaiwili ya baba mdogo

Baba mdogo wangu yuko Muheza, ana miaka sabini na kitu, na sehemu kubwa ya maisha yake ameendesha mashine ya kusaga. Siku moja nikamtumia picha nimevaa helmeti na rifleksa, nyuma yangu safu za makonteina meupe yamepangwa kama ya bandarini ila haya hayaendi popote. Nikamwandikia shikamoo baba mdogo, hii ndo kazi yangu sa hivi, tunajenga betri. Akanirudishia voisi, kuku wanasikika nyuma na redio iko juu, "Marahaba mwanangu. Betri lote hilo? Linakaa na chaji masaa mangapi?"

Nikamjibu ukweli. Masaa mawili.

Voisi iliyofuata ilikuwa kicheko tu, kirefu, mpaka akakohoa. Halafu akasema simu yake ya tochi inakaa siku nne.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni majibu yake, nimechelewa lakini nayaleta, na ni majibu ya wengine wote wanaoniuliza hivyo hivyo, maana hata huku Australia ninakoishi, watu waliozaliwa wakakuta swichi ukutani, ukiwaambia unajenga betri la gridi cha kwanza wanachouliza ni masaa mangapi. Siyo swali baya. Ila kabla ya masaa kuna sekunde, na gridi huwa inafia kwenye sekunde.

Nipo New South Wales, pembeni ya ziwa linaitwa Lake Macquarie, kaskazini mwa Sydney. Ukanda huu wa ziwa na bonde la Hunter lililo juu yake ndiko walikokuwa wakichimba makaa ya mawe na kuyachoma hapo hapo karibu na mgodi, miaka na miaka. Mtambo wa Munmorah ulifungwa 2012. Liddell, uliojengwa miaka ya 1970, ukazimwa jumla Aprili 2023. Unaosubiriwa sasa ni Eraring, megawati 2,880, mkubwa kuliko yote nchini. Ili upate picha, bwawa letu la Mwalimu Nyerere pale Rufiji, lile tulilolisubiri weee, ni megawati 2,115. Sasa fikiria kitu kikubwa kuliko hicho unakiambia asante, kapumzike.

Nirudi kwenye mashine ya kusaga, maana bila hiyo hamtanielewa.

Zamani kabla umeme haujafika mtaani kwetu, mashine ya baba mdogo ilikuwa inaendeshwa na injini ya dizeli, Lister, ya kupiga hendeli. Pembeni ya injini kulikuwa na flaiwili, gurudumu la chuma zito hatari, sisi watoto tulikatazwa hata kulisogelea. Kuiwasha ilikuwa shughuli, baba mdogo anazungusha hendeli, jasho, anazungusha, halafu inakohoa mara moja, mara ya pili, tuku, tuku, tuku-tuku-tuku, ikishika mwendo basi mtaa mzima unajua leo kuna unga. Mkanda mrefu unatoka kwenye injini unaenda kwenye kinu. Sisi tumetumwa na madebe yetu ya mahindi tumekaa foleni, vumbi la unga kwenye kope.

Ukimwaga debe zima kwa pupa kwenye ule mdomo wa juu, mashine inaguna. Unaisikia kabisa, ile tuku-tuku inalegea, inakuwa tuuku, tuuku, kama mtu aliyebebeshwa gunia ghafla. Lakini haizimi. Kwa nini haizimi? Kwa sababu ya ule uzito. Flaiwili imeshashika mwendo, ina nguvu yake ya ndani, ule mzigo wa ghafla unakula kidogo kwenye mwendo wa gurudumu wakati gavana ya injini inashtuka na kuongeza dizeli. Sekunde mbili tatu, injini inakaa sawa. Baba mdogo alikuwa anatufokea, "Mwaga taratibu, hii siyo tumbo la mjomba wako!" ila mashine yenyewe ilishasamehe.

Sasa mtambo wa makaa ya mawe ni mashine ya baba mdogo iliyokuzwa mpaka ikawa na jengo la ghorofa juu yake. Wanachoma makaa, maji yanachemka, mvuke unasukuma tabaini, na tabaini imeunganishwa na jenereta, chuma kimoja kirefu cha tani na matani kinazunguka mara 3,000 kwa dakika. Mara 3,000 kwa dakika ni mara 50 kwa sekunde, hiyo ndo frikwensi, hezi 50, ile ile imeandikwa nyuma ya friji yako hapo Temeke. Na vyuma vyote hivi, kuanzia Queensland mpaka South Australia, vinazunguka kwa pamoja, vimeshikana kupitia nyaya kama watu wanaotwanga kinu kimoja, mmoja akichelewesha mchi wote wanajua. Mtambo mmoja ukikatika ghafla, mzigo wake unawaangukia wengine, mwendo unapungua, frikwensi inashuka. Ile flaiwili kubwa ya pamoja ndo inayochelewesha kushuka mpaka magavana yashtuke.

Hiki ndicho watu hawakioni wanaposema tuzime makaa tuweke sola. Mtambo wa makaa ulikuwa unatoa vitu viwili, umeme na uzito. Umeme ulikuwa unalipiwa. Uzito ulikuwa unakuja bure, nyongeza, kama muuza mchele anavyoongeza kiganja kimoja juu ya kibaba. Paneli za sola hazina uzito huo, hakuna kinachozunguka ndani yake. Ukifunga mtambo, nyongeza imeondoka, na hakuna aliyekuwa ameiandika kwenye daftari.

South Australia walijifunza hili kwa machozi. Mei 2016 mtambo wao wa mwisho wa makaa ya mawe, Northern, pale Port Augusta, ulifungwa. Septemba 28 mwaka huo huo ikaja dhoruba na vimbunga, minara zaidi ya ishirini ya laini kubwa ikalala chini. Umeme ukawa unayumba kila laini inapopigwa, na mitambo mingi ya upepo ilikuwa imesetiwa kwamba misukosuko ikizidi idadi fulani ijitoe yenyewe, ikajitoa, megawati mia nne na zaidi ndani ya sekunde chache. Pengo likakimbilia kwenye laini inayotoka jimbo la jirani la Victoria, ile laini ikaelemewa na yenyewe ikakatika, na kuanzia hapo frikwensi ikaanguka kwa kasi ambayo hakuna ulinzi wowote ungewahi kuikimbilia. Jimbo zima giza. Wateja kama 850,000. Sisi Waafrika Mashariki hadithi ya nchi nzima kuzimika tunaijua, Kenya Agosti 2023 walikaa gizani mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kwetu nako likitokea tangazo la "hitilafu kwenye mfumo wa Gridi ya Taifa" mtu anatafuta mshumaa bila hata kumaliza kusoma. Kwa wenzetu hawa ilikuwa aibu ya kitaifa.

Ikawa siasa. Wengine wakasema upepo ndo mchawi. Februari 2017 Scott Morrison, wakati huo waziri wa fedha, akaingia bungeni na bonge la makaa ya mawe mkononi, akalipunga, akawaambia wapinzani wasiliogope. Mwezi uliofuata tajiri mmoja wa programu za kompyuta hapa Australia, Mike Cannon-Brookes, akamuuliza Elon Musk huko Twitter kama kweli anaweza kuleta betri la kutuliza mambo, Musk akajibu kwamba wakishasaini mkataba, siku 100 lisiposimama ni bure. Likasimama kabla ya siku 100. Desemba 1, 2017 likaanza kazi, Hornsdale, karibu na mji mdogo wa Jamestown, megawati 100 na megawati-saa 129, wakati huo hakuna betri kubwa kuliko hilo duniani. Morrison alishalifananisha na lile sanamu la ndizi kubwa ambalo watalii hupigia picha njiani, yaani kitu cha kutazama tu.

Wiki mbili baadaye, Desemba 14, saa nane usiku, mtambo mmoja wa makaa wa Loy Yang huko Victoria ukakatika, megawati 560 zikatoweka. Betri la Hornsdale liko karibu kilomita 1,000 kutoka hapo, ni kama uko Dar halafu kitu kimeanguka unakaribia Mwanza. Na halikuwa hata zamu yake, aliyekuwa na mkataba wa kuziba pengo usiku ule ni mtambo mwingine wa makaa, Gladstone, kule Queensland. Lakini betri likaiona frikwensi inashuka, kabla Gladstone haujajigeuza lenyewe limeshaanza kusukuma umeme. Likatoa megawati 7.3 tu! Saba kwa pengo la mia tano sitini, ni kama kumchangia bwana harusi shilingi mia mbili. Ila wahandisi wakakodoa macho, kwa sababu halikungoja kuambiwa na halikuchukua hata sekunde moja kamili.

Ndo maana nasema masaa ni swali la pili.

Haya, kazi yenyewe sasa. Site niliyofanyia sitaitaja ni ya nani, nilikuwa kibarua tu upande wa umeme, msaidizi wa mafundi. Wiki za mwanzo ni kuvuta nyaya. Usifikirie waya wa kwenye nyumba, hizi kebo nyingine ni nene kama mkono wa mtu, zinapita kwenye mabomba chini ya ardhi, mnaingiza kamba upande huu, mnafunga, wa upande ule wanavuta na winchi huku nyie mnasukuma na kuipaka kilainishi ipite. Kile kilainishi jamani, ni mlenda mtupu. Unavutika vile vile, unaning'inia kwenye glavu vile vile. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka Mfilipino mmoja akaniuliza kuna nini, nikakosa pa kuanzia.

Makonteina yanakuja yameshafungwa huko yalikotoka, ndani kuna selo za lithiamu, matofali matofali yamepangwa kwenye rafu, aina hii ya sasa hivi inatumia chuma na fosfeti badala ya nikeli na kobalti, haina hasira sana kwenye joto. Kuna mabomba ya maji ya kupoza yanapita katikati kama rejeta ya gari. Selo zinatoa umeme wa moja kwa moja, ule wa betri la gari, gridi inataka ule wa kwenda na kurudi, kwa hiyo kila kundi la makonteina lina inveta yake, halafu transfoma dogo, halafu nyaya zote zinakusanyika kwenye transfoma kubwa linalopandisha mpaka kilovolti 330. Ukiniuliza mimi, moyo wa kitu hiki siyo selo, ni inveta. Selo ni simtanki. Inveta ndo koki, ndo inayoamua maji yatoke lini na kwa kasi gani. Na wakikuambia betri ni megawati 850 na megawati-saa 1,680, namba ya kwanza ni upana wa bomba, ya pili ni ujazo wa simtanki. Gawanya, unapata kama masaa mawili, hayo ndo masaa ya baba mdogo, ila ni masaa ya kufungulia koki yote. Ukifungulia kidogo unakaa usiku mzima.

Halafu kuna bolti. Kila bolti la umeme linakazwa kwa spana maalum inayolia tik ikifika kipimo, ukisikia tik unachora mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, ili atakayekagua akiona mstari umevunjika ajue nati imelegea. Mimi mwezi wa pili nikajisahau. Nikakaza safu nzima bila kuchora, nilikuwa nawaza hela ya kutuma nyumbani. Fomani wetu, mzee aliyefanya kazi kwenye mtambo wa makaa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuja huku, akapita, akatazama, hakusema kitu, akanipa spana nirudie zote. Arobaini na nane. Wakati wa chai akaja kukaa karibu yangu, akaniambia kwenye makaa ukikosea unasikia, mtambo mzima unatetemeka, unapiga kelele, unakupa onyo. Hapa bolti iliyolegea haisemi kitu. Inapata joto tu, kimya kimya, miezi, mpaka siku yake.

Nilimuuliza kwa nini betri nyingi zinajengwa pale pale palipokuwa na mitambo ya makaa, nilidhani ni mambo ya siasa, kufuta machozi ya wenyeji. Akanyoosha kidole kwenye ile yadi ya nyaya kubwa na minara inayoondoka kuelekea Sydney. Akasema ule ndo urithi. Kujenga laini mpya ya kilovolti 330 kupita kwenye mashamba na misitu ya watu ni miaka na kesi juu, mtambo ukifungwa laini inabaki imesimama haina kazi. Unakuja na betri lako unachomeka kwenye soketi ya marehemu. Ndivyo ilivyo Liddell, kampuni ya AGL wameweka betri la megawati 500. Ndivyo ilivyo Eraring, kampuni ya Origin wamelijenga ubavuni mwa mtambo wenyewe kabla hata haujazimwa, hatua ya kwanza megawati 460. Hazelwood kule Victoria ulifungwa Machi 2017, Juni 2023 wakazindua betri palepale.

Na Munmorah ndo limekaa lile wanaloliita Waratah Super Battery, hizo megawati 850 nilizotaja juu, na hili ndilo ninalolipenda kulisimulia kwa sababu kazi yake kubwa ni kukaa bila kufanya kitu. Kweli kabisa. Megawati 700 kati ya zake zimewekwa akiba kwa mkataba, zisubiri tu. Iko hivi, laini zinazoingiza umeme Sydney zina uwezo fulani, lakini hazijazwi mpaka huo uwezo, lazima ziachwe na nafasi, ili moja ikipigwa na radi au moto wa msituni, nyingine zibebe mzigo wake bila kuungua. Ile nafasi ni umeme ambao ungeweza kupita na haupiti, mchana na usiku, mwaka mzima, kwa sababu ya radi ambayo labda itapiga siku moja. Sasa ukiwa na betri limekaa tayari karibu na mji, unaweza kuzijaza laini zaidi, maana radi ikipiga betri linamwaga umeme papo hapo upande wa mji na mitambo ya upande wa pili inaambiwa ipunguze. Serikali ya jimbo yenyewe inaliita shokomzoba. Shokomzoba haisukumi gari, lakini jaribu kupita barabara ya vumbi bila hiyo.

Hela zinatoka wapi kwa betri za kawaida zisizo na mkataba kama huo? Saa sita mchana. Australia kuna nyumba zaidi ya milioni 4 zenye sola juu ya paa, mchana wa jua kali umeme unakuwa mwingi mpaka bei sokoni inashuka chini ya sifuri. Chini ya sifuri, yaani anayezalisha analipa ili achukuliwe. Sheria ya soko inaruhusu mpaka kasoro dola 1,000 kwa megawati-saa. Betri linakunywa hapo. Jioni watu wamerudi, jua limezama, majiko na viyoyozi vimewaka, bei imepanda, betri linauza. Ni biashara ya mwenye ghala, ananunua mahindi Julai anauza Februari, tofauti huyu anafanya kila siku na mahindi hayaliwi na dumuzi. Ila na hii biashara ina ukomo, kila betri jipya likija linapandisha kidogo bei ya mchana na kushusha ya jioni, wenye ghala wakizidi faida inagawanyika.

Sitaki mdhani naimba sifa tu. Julai 2021 wakiwa wanajaribu betri kubwa la Victoria karibu na Geelong, konteina moja likashika moto, likaambukiza la pili. Maji ya kupoza yalivuja ndani, na mfumo wa kuliangalia ulikuwa umezimwa kwenye konteina lile kwa sababu halikuhitajika tena kwenye majaribio. Wazimamoto walichofanya ni kupoza majirani na kuacha yale mawili yaungue yaishe, siku kama tatu nne. Na Oktoba 2025, Waratah ikiwa inamaliziwa, transfoma moja kubwa likaharibika vibaya. Siyo lithiamu, siyo programu. Transfoma, kitu ambacho teknolojia yake babu yangu angeweza kuielewa. Kitu kama hicho hakikai dukani, kinaagizwa na kinasubiriwa miezi.

Na kuna hili la watu. Mtambo wa makaa una mamia, mafundi, waendeshaji, wasafishaji, mama wa kantini. Betri wakati wa ujenzi tulikuwa wengi tu, kelele, magari, foleni ya kahawa. Likiisha linabaki na wachache, wanaoangalia skrini wanaweza kuwa mji mwingine kabisa, kuna kukata nyasi na kubadilisha feni. Fomani alijua hilo, hakulilalamikia lakini alijua. Siku moja tulisimama kwenye geti tukisubiri kreni, akaniambia mwanae hataki kusikia habari za umeme, yuko Brisbane anafanya mambo ya afya. "Safi," akasema, na hakuongeza.

Sasa kwa nini Eraring haujafungwa? Mwaka 2022 walitangaza ungefungwa Agosti 2025. Ikasogezwa mpaka Agosti 2027. Kisha ikasogezwa tena. Hapa ndo kile kiganja cha nyongeza kinarudi kudai. Umeme wa kuziba nafasi unapatikana, sola ipo, upepo upo, mabetri yanaota kama uyoga. Kinachosumbua ni uzito. Inveta nyingi duniani ni wafuasi, zinasikiliza gridi inazungukaje halafu zinaitikia, kama waitikiaji kwenye ngoma, wanahitaji mwenye kuanzisha wimbo. Wote wakiwa waitikiaji hakuna ngoma. Kuna inveta mpya zinazoweza kuanzisha wimbo zenyewe, programu yake imeandikwa ijifanye ni chuma kizito kinachozunguka, frikwensi ikitikisika inasukuma papo hapo kama flaiwili ingefanya. Hornsdale walianza kuitoa huduma hiyo 2022. Inafanya kazi. Lakini kuendesha gridi nzima ya nchi yenye viwanda kwa kujifanya, mhandisi anayelala na simu chini ya mto atataka kuona kwanza.

Na hapa niruhusuni nitoke kidogo nje ya mada. Kuna watu kwetu wakiona haya wanasema basi na sisi tujaze makonteina. Taratibu. Tanzania ile mitambo tisa ya Rufiji inazunguka, ni chuma na ni maji, uzito tunao. Kenya nao wana mvuke wa ardhini wa Olkaria, na ule mpango wa makaa Lamu, mahakama ya mazingira ilifuta kibali chake 2019, kwa hiyo hata hawana cha kustaafisha. Tatizo letu kubwa ni nyaya ndefu na transfoma zilizozeeka, na betri dogo mwisho wa laini ndefu lingesaidia watu zaidi kuliko betri la kupigia picha mjini. Haya tuendelee.

Nilimwelezea baba mdogo yote haya kwa voisi, vipande vipande, zikafika kama kumi na mbili. Hakujibu siku mbili, nikajua nimemchosha. Siku ya tatu akapiga mwenyewe, kitu ambacho huwa hafanyi, anasema bando langu ni kubwa kuliko lake.

"Mwanangu, nimekusikiliza. Hilo betri lenu lina flaiwili au halina?"

"Halina baba mdogo. Limeandikiwa programu lijifanye linayo."

Akanyamaza. Nikasikia anamfukuza kuku.

"Linajifanya."

"Ndio. Na linafanya vizuri tu."

"Sawa. Sasa hao wa lile jimbo lililozimika, wamekubali kukaa na la kujifanya peke yake?"

Nikacheka, maana hiyo sehemu nilikuwa nimeiruka. Nikamwambia hapana, South Australia 2021 walimaliza kufunga mashine nne kubwa, mbili Davenport pale pale karibu na Port Augusta ulipokuwa ule mtambo wa makaa, mbili Robertstown. Ni kama jenereta lakini hazichomi chochote, hazizalishi umeme wa kuuza. Zinazungushwa na gridi yenyewe, zinazunguka tu usiku na mchana ili ziwe nzito. Na kila moja wameifunga flaiwili.

"Flaiwili ya chuma?"

"Ya chuma kabisa."

"Wamenunua?"

"Wamenunua baba mdogo, kwa mamilioni ya dola."

Kimya kingine. Mashine yake siku hizi inaendeshwa na mota, umeme ukikatika wateja wanakaa kwenye benchi wanapiga soga, Lister ilishakufa miaka mingi. Injini aliiuza vipande vipande. Flaiwili yenyewe haikubebeka, imelala chini ya mwembe nyuma ya banda, watoto wanaikalia wakisubiri unga, imeng'aa upande mmoja kwa makalio yao.

"Wale wa chuma chakavu wameshakuja mara tatu," akasema. "Wa mwisho alikuja na Fuso na vijana wanne. Nikawaambia nendeni, sijui kwa nini niliwaambia hivyo. Hebu niulizie hizo za wenzetu zina kilo ngapi."